Je, Wajua? Bakteria wa Tumboni, Mlo na Afya ya Akili

Je, wajua kwamba mtu mzima wa kawaida hubeba bakteria wapatao trilioni 38, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana? Chembe za mwili wake mwenyewe ni kama trilioni 30. Kwa miaka mingi vitabu vilisema bakteria wametuzidi kumi kwa mmoja. Mwaka 2016 watafiti watatu, Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, walipiga hesabu upya na kukuta idadi hizo zinakaribiana. Ukiwaweka bakteria hao wote kwenye mizani hawafiki robo kilo.

Je, wajua kwamba utumbo una mtandao wake wa neva, wenye chembe zaidi ya milioni 100? Mwaka 1899 jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zilizounganisha utumbo wa mbwa na ubongo na uti wa mgongo. Utumbo ukaendelea kusukuma chakula vilevile. Michael Gershon wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, aliuandikia mtandao huo kitabu kizima mwaka 1998 na kuuita ubongo wa pili.

Je, wajua kwamba neva kuu kati ya tumbo na kichwa, iitwayo vagasi, hupandisha habari zaidi kuliko inavyoshusha amri? Kati ya nyuzi zake kumi, kama nane hutoka kwenye viungo vya ndani kwenda ubongoni. Ubongo hupewa taarifa za tumbo usiku na mchana, hata pale mwenyewe asipohisi kitu.

Je, wajua kwamba takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni? Hii ndiyo kemikali inayolengwa na dawa nyingi za sonona. Mwaka 2015 kundi la Elaine Hsiao huko California lilionyesha kwamba, kwa panya, bakteria fulani huchochea chembe za ukuta wa utumbo ziitengeneze kwa wingi. Wauzaji wa virutubisho mtandaoni huishia hapo, nami nakuomba msomaji usogee hatua moja zaidi: serotonini ya tumboni haifiki ubongoni. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, nayo haina njia ya kukipita. Kazi yake huko chini ni kusukuma chakula, kuamsha kichefuchefu na kusaidia damu kuganda. Kinachovuka ni malighafi yake, triptofani, tunayoipata kwenye maharage, karanga, mayai, samaki na maziwa. Bakteria nao huitumia triptofani hiyohiyo, kwa hiyo wana mkono katika kiasi kinachobaki kwa ajili ya ubongo. Uhusiano upo, ila ni wa kuzunguka, na anayekuuzia kopo la vidonge kwa maneno ya serotonini ya tumboni amekuficha nusu ya habari.

Je, wajua kwamba daktari wa jeshi la Marekani aliwahi kuitazama hasira ikifanya kazi ndani ya tumbo la mtu aliye hai? Mwezi Juni 1822, kwenye Kisiwa cha Mackinac, kijana Alexis St. Martin, kibarua wa biashara ya ngozi za wanyama, alipigwa risasi ubavuni kwa bahati mbaya. Akapona, lakini kidonda kikaacha tundu lililofunguka hadi tumboni. Kwa miaka kadhaa daktari huyo, William Beaumont, aliingiza humo vipande vya chakula vilivyofungwa uzi, akavivuta nje na kuangalia vimeyeyuka kiasi gani. Aliandika kwamba St. Martin akikasirika, ukuta wa tumbo hubadilika na usagaji huvurugika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. St. Martin alikuwa maskini asiye na kazi nyingine ya kumtunza, na majaribio yale leo yasingepitishwa na kamati yoyote ya maadili. Elimu tunayoitumia sisi bure, yeye aliilipia kwa mwili wake, na anastahili kutajwa.

Hayo ni ya tumbo na hisia. Je, bakteria wenyewe wanaweza kuvuruga akili ya binadamu? Ndiyo, na madaktari wamelijua hilo kwa zaidi ya miaka 50.

Je, wajua kwamba upo ugonjwa wa kuchanganyikiwa unaotibiwa kwa dawa ya kulainisha choo? Ini lililosinyaa na kuwa gumu, jambo ambalo Afrika Mashariki mara nyingi huletwa na homa ya ini B au pombe, hushindwa kuisafisha amonia. Sehemu kubwa ya amonia hiyo hutengenezwa na bakteria wa utumboni wanapovunja protini. Ikipita kwenye ini bila kusafishwa, hufika ubongoni. Mgonjwa huanza kulala mchana na kukesha usiku. Hukosea majina ya watoto wake, hukasirika bila sababu, na akinyoosha mikono viganja hupapatika bila yeye kutaka. Asipotibiwa hupoteza fahamu. Nyumbani watu hunong'ona kwamba amepandwa na majini au amerogwa.

Hospitali humpa shira ya laktulosi, sukari ambayo sisi hatuwezi kuisaga lakini bakteria wanaiweza. Wakiila hutoa asidi, asidi huinasa amonia, na choo laini mara mbili tatu kwa siku huitoa nje. Wengine huongezewa rifaksimini, antibayotiki ambayo karibu yote hubaki ndani ya utumbo. Mtu aliyeshindwa kumtambua mkewe huweza, ndani ya siku chache, kuuliza habari za shamba. Kichwani hakuguswa; kilichobadilishwa ni kazi ya bakteria tumboni. Kama unamuuguza mgonjwa wa ini na tabia yake imeanza kubadilika, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani mara nyingi kuna kitu kimechochea hali hiyo, kama maambukizi, kutokwa damu au kufunga choo, nacho kinatibika. Na homa ya ini B ina chanjo: watoto wachanga huipata ndani ya chanjo ya pentavalenti, na mtu mzima anaweza kuiulizia hospitali.

Je, wajua kwamba panya aliyelelewa bila bakteria hata mmoja hutoa homoni za msongo kupita kiasi anapobanwa? Nobuyuki Sudo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walitangaza hilo mwaka 2004, na taaluma nzima ikafunguka. Walipompa panya aina moja tu ya bakteria apatikanaye kwa watoto wachanga wanaonyonya, hali ilitulia. Walipomrudishia bakteria wa kawaida akiwa bado mdogo ilisaidia. Akishakua ilikuwa imechelewa.

Mwaka 2014, nchini Sweden, panya wa aina hiyo walikutwa na kizuizi cha damu na ubongo kinachovuja. Walipopewa bakteria, kilikaza.

Je, wajua kwamba bakteria aliyewatuliza panya hakuwafanyia kitu binadamu? Mwaka 2011 kundi la John Cryan na Ted Dinan wa Cork, Ireland, liliwapa panya bakteria wa jamii ya Laktobasila, wakapungua woga. Neva ya vagasi ilipokatwa, manufaa yakatoweka. Jaribio zuri mno, na magazeti ya dunia yakalishangilia. Mwaka 2017 kundi hilohilo liliwajaribu wanaume 29 wenye afya, kwa bakteria huyohuyo. Hakuwazidi chochote wale waliomeza kidonge kitupu, nao watafiti wakalitangaza hilo bila kuficha. Nawaheshimu kwa jambo hilo kuliko kwa ugunduzi wa kwanza. Kila unaposoma kwamba bakteria fulani huondoa wasiwasi, uliza kwanza: kwa panya, au kwa watu?

Je, wajua kwamba chakula chenyewe kimejaribiwa kama tiba ya sonona? Jimboni Victoria, Australia, Felice Jacka na wenzake waliwachukua watu 67 wenye sonona ya kati au kali, waliokuwa wakila vibaya. Wengi wao walikuwa tayari kwenye dawa au ushauri wa kitaalamu, na hawakuacha. Nusu walikutana na mtaalamu wa lishe kwa wiki 12, wakahamia kwenye nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga, matunda, samaki na mafuta ya zeituni. Nusu nyingine walipewa mtu wa kuzungumza naye kwa muda uleule. Matokeo yalitoka mwaka 2017: asilimia 32 ya waliobadili mlo walitoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao. Tena mlo ule mpya ulikuwa na bei nafuu kuliko ule waliouacha.

Lakini watu 67 ni wachache, na huwezi kumficha mtu kwamba anakula dengu. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa Ulaya, wenye watu zaidi ya 1,000, uliuliza kama virutubisho vya vidonge na mafunzo ya kula vizuri vinaweza kuzuia sonona isimpate mtu mwenye uzito mkubwa. Havikuzuia. Nikiyapima yote mawili, naamini mlo mzuri humsaidia mgonjwa akiwa na matibabu mengine, na sioni sababu yoyote ya kumwambia mtu aache dawa zake akategemee mtindi. Anayetoa ushauri huo anahatarisha maisha ya mwenzake.

Je, wajua kwamba nchini Ubelgiji, Jeroen Raes na wenzake walichunguza kinyesi cha watu 1,054 na kukuta aina mbili za bakteria zimepungua kwa wenye sonona, hata wasiotumia dawa? Ilikuwa mwaka 2019. Kama upungufu huo ulileta sonona, au sonona ilibadili ulaji na ulaji ukabadili bakteria, utafiti wa namna ile hauwezi kukata shauri.

Je, wajua kwamba maziwa ya mama yana sukari ambayo mtoto hawezi kuisaga? Ziko za aina zaidi ya 150, na baada ya laktosi na mafuta, ndizo zinazofuata kwa wingi ndani ya maziwa. Mama huzitengeneza kwa nguvu za mwili wake, nazo humpita mtoto hadi utumbo mpana. Huko bakteria maalumu huzila, hustawi, na kuwafukuza wadudu wabaya katika miezi ileile ambayo ubongo unakua kwa kasi. Kila mama anayenyonyesha huwalisha wawili. Anayemshinikiza mzazi aanze uji kabla ya miezi sita, hata akiwa bibi mwenye nia njema, angejua hili huenda angengoja.

Je, wajua kwamba baadhi ya bakteria wa tumboni hupotea na kurudi kwa majira ya mwaka? Hilo liligunduliwa Tanzania, kwa Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, watu wapatao elfu moja na kitu, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kukusanya. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha matokeo: masika, wakati wa asali na matunda ya porini, aina fulani za bakteria karibu zinatoweka; kiangazi, nyama inapokuwa nyingi, zinarejea. Ubuyu na mizizi huliwa mwaka mzima. Zilizotoweka ni jamii zilezile zinazokosekana kwa watu wa miji ya nchi tajiri, ila huko hazirudi.

Utafiti mwingine wa mwaka 2014 ulikuta tofauti kati ya wanawake na wanaume wa Kihadzabe: wanawake, ambao ndio wachimbaji wa mizizi, walikuwa na wingi wa bakteria wanaovunja nyuzinyuzi ngumu. Wahadzabe hukadiriwa kula hadi gramu 100 za nyuzinyuzi kwa siku au zaidi. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wafikishe angalau 25. Hakuna aliyethibitisha kwamba bakteria wa Wahadzabe huwakinga na sonona, na yeyote anayetaka kuuza dawa kwa jina lao aulizwe kwanza kama ardhi yao ya kuchimbia mizizi bado ipo salama.

Je, wajua kwamba somo la nyuzinyuzi kwa kiasi kikubwa lilizaliwa Uganda? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi huko tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, mara nyingi Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza, Mulago yalikuwa adimu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo ambavyo wengi wangeona haya kuvichukua: wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 za choo kwa siku, mabaharia wa Uingereza kama 100. Chakula kilipita kwa Mganda ndani ya siku moja na nusu. Kwa Mwingereza kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt hakujua kwamba miaka mingi baadaye nyuzinyuzi zilezile zingetajwa kwenye mijadala ya ubongo.

Je, wajua kwamba kiporo kina faida? Wali, viazi au ugali ukishapoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya, na vimeng'enya vyetu hushindwa kuuvunja. Hufika kwa bakteria ukiwa mzima, nao huugeuza kuwa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Kwa panya, ndiyo iliyosaidia kukaza kile kizuizi cha ubongo nilichokitaja. Kupasha moto tena hakuuondoi wanga huo wote. Ila wali usilale jikoni kwenye joto. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na sumu anayoitoa usiku haiharibiki kwa kupashwa asubuhi. Upoze upesi, weka kwenye friji; kama huna, pika wa kuliwa ukaisha.

Maharage, kunde, choroko, mbaazi na njugu mawe hufanya kazi hiyo hata bila kulala.

Je, wajua kwamba kinga ya mwili ikichochewa inaweza kumfanya mtu aingie kwenye sonona? Kabla ya dawa mpya za homa ya ini C, wagonjwa walichomwa sindano za intaferoni, protini ambayo mwili huitoa unapopambana na virusi. Takriban mmoja kati ya wanne alipata sonona akiwa kwenye matibabu, wengi wakiwa hawajawahi kuugua hivyo maishani. Tangu hapo watafiti huutazama kwa makini mchochota, yaani ile hali ya kinga kuwaka muda mrefu bila adui wa kupigana naye, na mlo ni kimojawapo kati ya vinavyouwasha na kuuzima.

Je, wajua kwamba kuchachusha chakula kumepimwa dhidi ya mchochota huo? Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2021, kiliwagawa watu wazima 36 makundi mawili kwa wiki kumi. Waliokula mtindi, kabichi ya kuchachusha na vinywaji vya namna hiyo waliongeza aina za bakteria, na protini 19 za mchochota zikashuka kwenye damu. Waliokula nyuzinyuzi nyingi hawakuongeza aina, pengine kwa sababu bakteria wa kuzila walishawapotea zamani.

Sisi tuna togwa, uji wa kuchachusha, maziwa mgando na mursik. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden walionyesha kwamba watoto wanaopewa uji uliochacha huwa na bakteria wachache wa kuharisha kwenye choo. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe mtindi wa jana yagande. Maziwa mabichi huweza kuleta brusela. Na mtindi wa dukani uliopashwa moto baada ya kuganda hauna tena bakteria hai, hata ukiwa mtamu kiasi gani.

Je, wajua kwamba hospitali za wagonjwa wa akili kusini mwa Marekani ziliwahi kujaa watu waliougua kwa kula mahindi karibu peke yake? Ugonjwa ni pelagra: ngozi kubabuka, kuharisha, kisha kuchanganyikiwa. Wengi waliamini unaambukiza. Joseph Goldberger, kuanzia mwaka 1914, alithibitisha kwamba chanzo ni mlo. Vitamini iliyokosekana, niasini, ilitambuliwa mwaka 1937. Wenyeji wa Meksiko, waliochemsha mahindi yao kwa chokaa tangu enzi, hawakuijua pelagra, kwa sababu chokaa huifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje. Ugali na maharage, au ugali na dagaa, huikinga nyumba kwa njia nyingine.

Na sasa muhogo, ambao unastahili nafasi kubwa kuliko unayopewa.

Je, wajua kwamba mlo, bakteria na ubongo hukutana kwa ukatili kabisa katika ugonjwa uitwao konzo? Mtoto au mama hulala mzima, akaamka miguu yote miwili imekakamaa. Hairudi tena. Kilichoharibika ni neva za mwendo zinazotoka ubongoni. Chanzo ni muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka wakati wa njaa, ukabaki na sumu ya sianidi, ukaliwa na watu wasiopata protini ya kutosha ya kuisafisha sumu hiyo mwilini. Mwaka 1985, wakati wa ukame, konzo ilizuka wilayani Tarime, mkoa wa Mara. Miaka ya 2000 ikatokea tena kusini mwa Tanzania. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, eneo la Kahemba limeumizwa kwa miongo mingi, na watoto huko, hata wasiopooza, hupata alama za chini kwenye vipimo vya kumbukumbu na kufikiri.

Bakteria wanaingia wapi? Mara mbili. Kwanza, kwenye pipa: muhogo ukilowekwa siku kadhaa, bakteria wa kuchachusha huulainisha na sumu hutoka. Wanaofupisha siku hizo kwa njaa hupoteza kinga hiyo. Pili, tumboni: mwaka 2021 watafiti waliochunguza kinyesi cha watoto wa Kongo waliona kwamba wale wa Kahemba wana bakteria wenye uwezo mkubwa zaidi wa kuvunja kemikali ya muhogo na kuiachilia sianidi ndani ya mwili. Hiyo huenda ikawa sehemu ya sababu eneo hilo limeumizwa zaidi.

Kinga ya mwisho jikoni ni rahisi, na Howard Bradbury wa Australia ndiye aliyeieneza: unga wa muhogo changanya na maji, utandaze mwembamba usiozidi sentimita moja kwenye turubai, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi huruka na hewa. Kisha pika siku hiyohiyo. Haigharimu kitu. Ifike kila kijiji kinachokula muhogo mchungu.

Je, wajua kwamba kufunga choo huweza kuitangulia Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, kwa miaka kumi au zaidi? Mwaka 2003 Heiko Braak wa Ujerumani alipendekeza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa uharibifu huanzia tumboni na kupanda kwa neva ya vagasi. Nchini Denmark, watu waliokatwa kabisa neva hiyo kwa ajili ya vidonda vya tumbo walionekana kuugua Parkinson kwa uchache zaidi. Usiogope kila choo kigumu. Mara nyingi ni uhaba wa maji na mboga.

Je, wajua kwamba bakteria "wabaya" wa watoto wenye usonji huenda wameletwa na sahani? Wazazi huuziwa vipimo vya kinyesi na milo ya gharama kwa ahadi za kuponya. Mwaka 2021, Australia, watoto 247 walichunguzwa, na usonji wenyewe haukuwa na uhusiano mkubwa na bakteria wao. Mtoto mwenye usonji mara nyingi huchagua sana chakula kwa sababu ya ladha, harufu au jinsi kinavyohisika mdomoni. Hula aina chache, na bakteria nao hubaki aina chache. Mzazi uliyetumia akiba yako kwenye vipimo hivyo, fedha hiyo ingemfaa zaidi mtoto kwa mtaalamu wa tiba ya usemi.

Je, wajua kwamba wiki mbili tu za kubadili mlo zinatosha kuonekana kwenye damu? Kule Kilimanjaro, watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi waliwachukua wanaume vijana 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili, yaani ndizi, kunde, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa na vya kuchachusha, walihamishiwa kwenye vyakula vya kukaanga na vilivyosindikwa. Waliozoea hivyo vya mjini wakahamia kwenye vya asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika Nature Medicine: walioacha chakula cha asili walipandisha protini za mchochota na chembe zao za kinga zikalegea mbele ya vijidudu, ilhali walioingia kwenye chakula cha asili, na wanywaji wa mbege, walishusha mchochota. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Utafiti huu haumruhusu mtu kulewa, kwani pombe nyingi huharibu ini na ubongo. Wala hawakupima sonona, wasiwasi au usingizi, na wanawake hawakuwemo. Jaribio la pili natamani lifanyike hapahapa: wagonjwa wa sonona, wake kwa waume, wakiendelea na dawa zao, nusu wapewe ulezi, mlenda, kunde na mtindi kwa wiki 12, hali zao zipimwe kwa mizani ileile aliyotumia Jacka huko Australia.